Ozoni au bromini: ni nani huishusha zebaki kutoka angani?

Sehemu kubwa ya zebaki iliyomo angani ni mvuke wa atomu mojamoja, na kwa kuwa mvuke huo hauyeyuki vyema katika maji, mvua huupita bila kuunasa, nao huelea kwa miezi mingi hadi kuizunguka dunia. Hauwezi kushuka na mvua mpaka kila atomu ipokonywe elektroni mbili, yaani ioksidishwe, na wanakemia wamevutana kwa miaka mingi juu ya mpokonyaji huyo.

Waliotangulia walitaja ozoni na radikali ya haidroksili, yaani kipande cha oksijeni na haidrojeni chenye uchu wa kuungana na vitu vingine. Hoja yao haikuwa dhaifu, kwani viwili hivyo vimeenea angani kote, na katika maabara zebaki ilionekana ikipungua palipokuwa na ozoni. Kasoro ni kwamba oksidi ya zebaki ikiwa gesi hushikamana kwa kifungo hafifu mno, hata mgongano wa zebaki na ozoni peke yake hautoshi kuizalisha. Yawezekana kuta za vyombo vya majaribio ndizo zilizofanya kazi ambayo sifa yake ilipewa ozoni.

Wanaoitetea bromini, elementi ya jamii moja na klorini, huanzia Alert, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako vipimo vilivyoanza mwaka 1995 vilionyesha mvuke wa zebaki ukitoweka ghafla jua liliporejea baada ya giza la kipupwe. Ozoni nayo ilitoweka pamoja nao, kwa kuwa bromini iliyotoka katika chumvi ya barafu ya bahari iliiteketeza. Ushahidi huu ni mzito, ila ni wa mahali penye baridi kali: kiungo cha kwanza cha zebaki na bromini huvunjika upesi joto linapopanda, hivyo ya Aktiki hayahamishiki moja kwa moja hadi tropiki.

Kwa maoni yangu, swali lenyewe liliulizwa vibaya. Hesabu za karibuni zinaonyesha kwamba bromini, na kwa kiasi fulani haidroksili, hutwaa elektroni ya kwanza, kisha ozoni, kwa wingi wake, hukikamilisha kiungo hicho kabla hakijavunjika. Kila upande ulishika nusu ya kweli.

Lililopewa uzito mdogo ni safari ya kurudi. Mwanga wa jua huvunja misombo ya zebaki iliyokwisha kuoksidishwa na kuirudisha kuwa mvuke, na ikiwa ozoni na bromini zikishirikiana huharakisha oksidishaji, urejeshaji nao lazima uwe wa kasi, la sivyo mvuke usingedumu angani muda wote huo. Vipimo havikusaidia sana: mirija iliyopakwa kloridi ya potasiamu, iliyotegemewa kwa miaka kuinasa misombo hiyo ili ipimwe, hupoteza sehemu yake kwenye unyevu na ozoni, kwa hiyo modeli za kompyuta zinazoiga mwenendo wa zebaki angani zililinganishwa na takwimu zilizo chini ya hali halisi. Tena majani ya miti huuvuta mvuke wenyewe bila kungoja oksidishaji wowote, na sehemu ya kile kinachofika ardhini au baharini hupaa tena, kiasi kwamba zebaki inayonaswa leo na kipimo yaweza kuwa ilitoka kwenye dohani iliyobomolewa zamani.