Mtoto Wangu Alimjua Zebra wa Barabarani Kwanza

Tulikuwa tumesimama kandokando ya Barabara ya Mandela, upande wa Tabata, tukisubiri kuhurumiwa. Bodaboda wa kwanza akapita, wa pili akapita, daladala nayo ikatupigia honi kama vile sisi ndio tuliovamia njia yake. Mwanangu, ana miaka sita, alikuwa ameganda kwenye mkono wangu, macho yako chini kwenye ile michoro myeupe.

"Mama, kwa nini hii inaitwa zebra?"

Nikamwambia kwa sababu imefanana na punda milia. Akaniangalia kama mtu anayehisi anadanganywa. "Punda milia ndiye nani?"

Tulivuka mbio, lakini swali likanifuata mpaka nyumbani. Watu wanapanda ndege kutoka mabara mengine kuja nchi hii kumtazama mnyama huyo, na mwanangu aliyezaliwa humu humu anamjua kama rangi iliyochakaa juu ya lami. Simlaumu. Angemjulia wapi? Pitia chekechea yoyote ya Dar, utakuta ukuta umechorwa A mpaka Z. Kwenye A kuna tufaha, tunda ambalo nyumbani kwetu huingia mgonjwa akitoka hospitali. Kwenye Z yupo zebra anayetabasamu, ana kope ndefu, na mistari yake imeelekea popote mchoraji alipopendezwa. Jina la Kiswahili nalo halimwokoi. Ili uelewe "punda milia" sharti umjue punda, na mtoto wa Tabata anaona mizigo ikibebwa na guta, mkokoteni na bajaji. "Milia" ndiyo kabisa, siku hizi sisi tunasema mistari. Kwa hiyo nikimweleza, namfafanulia asichokiona kwa kingine asichokiona.

Maoni yangu ni kwamba tunaanza kubaya. Tunaanza na rangi, mtoto anaijua rangi, somo linaishia hapo. Mimi niliamua kuanza na nyumba, maana mtoto wa uswahilini hakuna anachokielewa kama mambo ya nyumba: nani mkubwa, nani mgeni, nani kafukuzwa, nani kalala geto.

Lile kundi kubwa la mamia unaloliona kwenye picha si kundi moja. Ni kaya nyingi zilizokutana malishoni, kama mtaa. Kila kaya ina dume mmoja, majike wachache ambao kwa kawaida hawazidi sita, na watoto wao. Majike hao wana ngazi zao. Yupo bi mkubwa, na yeye ndiye anayetangulia wakienda kunywa maji, wanawe nyuma yake, kisha anafuata wa pili na wanawe, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Mwenye nyumba mara nyingi yuko nyuma kabisa au ubavuni, analinda. Jike mgeni akiolewa humo, wenzake humng'ata na kumsukuma mpaka watakapomzoea. Nilisita kidogo kumweleza mtoto habari za wake wenza, kisha nikakumbuka tunakaa nyumba ya kupanga yenye familia tano na ukuta mmoja mwembamba. Anayajua kuliko mimi.

Madume vijana wakishakua huondoka kwa baba yao, wakajikusanya makapera watupu, wakawa wanashindana kupigana kwa mchezo huku wakijenga misuli ya siku watakapotaka kuwa na kaya zao. "Kama anko," akasema mwanangu. Mdogo wangu amepanga geto Kinondoni na wenzake wawili. Sikubisha.

Sehemu iliyomshika zaidi ilikuwa ya kuzaliwa. Mama punda milia hubeba mimba mwaka mzima na zaidi kidogo. Mtoto akishatoka, baada ya dakika chache amesimama, anayumba na miguu yake mirefu, na kabla saa haijaisha anaweza kukimbia. Siku za mwanzo mama hamruhusu mwingine yeyote amkaribie, hata majike wenzake wa kaya. Anasimama katikati, mtoto amwone yeye tu, amnuse yeye tu, amsikie yeye tu, mpaka mistari ya mama imkae kichwani. Bibi yangu angesema huyo yuko kwenye arobaini, ila arobaini yake ni ya siku chache.

"Si wote wanafanana?" mtoto akauliza. Hapo nikamkumbusha saa ya kutoka shuleni. Watoto mamia, wote sare moja, shati jeupe na kaptula ya bluu, na mimi niko getini. Je, nimewahi kuchukua mtoto wa mtu? Basi, hakuna punda milia wawili wenye mistari iliyolingana. Wametoka kwenye sare moja, lakini kila mmoja ana yake, na mtoto anamjua mama yake. (Kwenye mazoezi ya Kiswahili ya shule ya msingi tulikariri kwamba mtoto wa punda ni kihongwe na mtoto wa simba ni shibli. Wa punda milia hakutajwa. Nyumbani kwetu tumeshampa: kihongwe milia. Wataalamu watatusamehe.)

Kuhusu mistari yenyewe, nina ugomvi mdogo na tunachowafundisha watoto. Tangu nikiwa mdogo nimeambiwa ni ya kujificha. Mtu aliyewahi kumwona punda milia mchana kwenye uwanda wa majani mafupi anajua kwamba hakuna anayeonekana upesi kama yeye. Wanasayansi wamebishania jambo hili miaka mingi, na maelezo yaliyopata ushahidi mzuri zaidi ni ya wadudu: mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, na nzi wengine wakubwa wanaouma. Mtafiti Tim Caro na wenzake walitoa mwaka 2019 matokeo ya jaribio moja huko Uingereza. Waliwavisha farasi nguo za mistari. Nzi walikuja kama kawaida, lakini walipofika karibu walishindwa kutua vizuri, wengine wakapitiliza, wengine wakajigonga. Mwaka huo huo watafiti wa Japani nao walichapisha habari za ng'ombe weusi waliopakwa mistari myeupe, na nzi waliowatua wakapungua karibu nusu.

Habari hiyo mtoto wa Dar haihitaji tafsiri. Analala ndani ya chandarua tangu azaliwe. Jioni ile nilimkuta kwenye kioo na chaki, anajichora mikono. Nikamwambia mbu wa Tabata hawajausoma utafiti huo.

Na simba? Wazazi wengi wanaruka hapo. Tunataka punda milia wa kwenye ukuta, anayecheka na simba chini ya jua lenye macho. Mimi nilisema wazi: simba anamla, fisi anamla, na mamba akimvizia anapovuka mto anamla. Mtoto alinyamaza. Halafu nikamwambia upande wa pili, kwamba punda milia hasubiri tu. Analala kwa zamu, kila mara yupo anayekesha kwa ajili ya wengine. Anakimbia kasi ya kilomita zaidi ya 60 kwa saa. Hatari ikitokea hubweka, na sauti yake si ya farasi wa katuni hata kidogo, ni kama "kwa-ha, kwa-ha" inayotoka kifuani. Na akifikiwa, miguu ya nyuma inafanya kazi. Waswahili walisema shukrani ya punda ni mateke, na teke la huyu wa mistari linaweza kumvunja simba taya. Simba aliyevunjika taya hawindi tena kirahisi. Niliona uso wa mwanangu unarudi.

Nilimweleza pia habari ya kwaga, ndugu yake wa Afrika Kusini aliyekuwa na mistari mbele tu, huku nyuma akiwa na rangi ya kahawia. Jina lake lilitokana na huo mlio. Walowezi walimwinda hadi akaisha, na wa mwisho alikufa mwaka 1883 akiwa kwenye bustani ya wanyama huko Amsterdam. "Alikuwa na nani?" mtoto akauliza. Sikuwa na jibu zuri.

Sasa tuje kwenye kumwona kwa macho. Najua nikisema hivyo, kuna msomaji keshasonya: mbuga ni za wazungu na wenye Land Cruiser. Si kweli yote. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kiasi ambacho hakikaribiani na dola anazolipa mgeni. Kinachotuchoma ni usafiri. Lakini sisi hawa hawa, kwa ajili ya sendofu ya binti wa jirani, tunachangishana kwenye kundi la WhatsApp mpaka mwenyekiti anatuma majina ya wadaiwa. Coaster moja ya kwenda Mikumi, familia za mtaa mmoja zikigawana, haifiki hata hela ya mapambo ya ukumbi. Hatujawahi kulifikiria kama jambo la kuchangia, hilo tu.

Na hata bila kuingia getini, barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa karibu kilomita 50. Treni ya TAZARA nayo, ikitoka Dar, inapita kwenye ardhi ya Hifadhi ya Nyerere. Watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaoishi hapa mjini wanapita hapo kila Desemba, wamelala.

Sisi tulipita Desemba iliyopita, tukienda kumsalimia bibi yake. Tulipanda basi Mbezi alfajiri. Nilimpa mtoto siti ya dirishani na nilimkatalia simu. Baada ya Doma nikamwambia, haya, kazi imeanza. Ndani ya basi kulikuwa na filamu ya Bongo inapiga kelele, mama mmoja anamfumania mumewe, na karibu wote macho yako juu kwenye televisheni. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, majani yamechipua. Tukaona swala, tukaona nyani kando ya lami. Kisha dereva akapunguza mwendo kwenye matuta.

"Mama! Kaya!"

Hakusema zebra, wala punda milia. Walikuwa saba. Mmoja mdogo, ana rangi ya kahawia kahawia, maana wanazaliwa hivyo na weusi unakuja baadaye, amejibana ubavuni kwa mama yake. Pembeni walisimama wawili wamepishana, huyu kichwa kule na yule kichwa huku, kila mmoja amelaza kidevu juu ya mgongo wa mwenzake, mikia inapunga. Mzee aliyeketi ng'ambo ya ujia akajiinua kutazama. "Mjukuu wangu," akasema, "unaona hao wawili? Kila mmoja anamwangalizia mwenzake nyuma. Na mkia wa huyu unamfukuzia nzi yule usoni." Mtoto akamjibu, "Shikamoo babu, ndiyo, lakini nzi wanashindwa kutua." Mzee akabaki kunitazama mimi.

Ilikuwa kama nusu dakika. Basi likaongeza mwendo, na kwenye filamu yule mume akaanza kuomba msamaha. Mtoto aligeuka nyuma mpaka shingo ikagoma.

Tulirudi Dar Januari, shule zikafunguliwa. Asubuhi ya kwanza tukasimama tena pale pale, Barabara ya Mandela, mbele ya ile rangi iliyochakaa. Bodaboda akapita, daladala ikapiga honi. Mwanangu akaniachia mkono, akageuka akanipa mgongo, akaegemea kiunoni kwangu.

"Mama, wewe angalia kule," akasema. "Mimi naangalia huku."