Ruzuku kwa vikundi vya wanawake: kwanini ipite kwa wakubwa kwanza?

Kila zikitajwa ruzuku za miradi ya jamii inayoongozwa na wanawake kuna hoja inarudi, kwamba vikundi hivi ni vidogo mno na hesabu zao hazieleweki, hivyo pesa ianzie kwa shirika kubwa lenye mhasibu na mkaguzi ndo iwashukie. Sio hoja ya kupuuza. Pesa ya ruzuku imeshaliwa sana duniani, na kiongozi kuwa mwanamke hakumzuii kuiba, halafu kusimamia ruzuku 100 ndogo ni kazi kuliko kusimamia moja nono.

Ila mi kuna namba hainitoki kichwani. AWID, mtandao wa kimataifa wa haki za wanawake, waliyauliza mashirika ya wanawake mapato yao ya 2010, na 740 yaliyojibu yalikuwa na jumla ya kama dola milioni 106. Ukigawa sawa kila moja linapata kama 143,000, unasema mbona wako vizuri. Lakini lile la katikati kabisa, nusu wako juu yake na nusu chini, lilikuwa na dola 20,000 tu kwa mwaka mzima! Ziweke hizo namba mbili pamoja uone, kumbe hata hicho kidogo kimekaa kwa wachache, na nusu nzima wanaishi na 20,000 au pungufu, humo humo kodi ya ofisi, nauli, mishahara kama ipo, na mara nyingi haipo, watu wanajitolea. Huyo ndo unamdai andiko refu la Kiingereza la kuombea pesa, ripoti kila robo mwaka na mkaguzi wa nje? Wafadhili wengi watalipia semina, mhasibu hawataki kumlipia, alafu baadae wanamkatalia kwa sababu hana mhasibu.

Na usimamizi sio lazima uwe makaratasi. Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti ya Wangari Maathai iliyoanza Kenya 1977, ilipata mwanzoni mwa miaka ya 1980 zaidi ya dola 120,000 kutoka mfuko wa wanawake wa Umoja wa Mataifa. Akina mama walilipwa kidogo kwa kila mche ulioshika, kwa hiyo ushahidi ulikuwa mti wenyewe, unaenda unahesabu. Mifuko kama Mama Cash ya Amsterdam, tangu 1983, na AWDF, mfuko wa maendeleo ya wanawake wa Afrika ulioko Accra, tangu 2000, iliundwa ili pesa iwafikie wanawake moja kwa moja.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya utegemezi. Mei 2025 UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake, walitoa matokeo ya kuuliza mashirika 411 ya wanawake kwenye nchi 44 zenye migogoro na majanga, na 47% walitarajia kufunga ndani ya miezi 6 kama misaada ingeendelea kukatwa kama ilivyokuwa wakati huo. Mtu akisema hapo walijengwa juu ya pesa ya mgeni, siwezi kumbishia yote. Lakini ruzuku iliyofungwa kwenye shughuli moja haimruhusu mtu kuweka akiba hata ya miezi mitatu, kilichobaki mwisho wa mradi mara nyingi kinarudishwa kwa mfadhili, sasa hiyo akiba ya kuwavusha wangeitoa wapi?