Kabla hujanunua kadi, tafuta rula

Niko hapa Kisumu, nakaa bedsita Manyatta, na huu ni mwezi wa tatu napanga kompyuta yangu ya kwanza ya gemu, ndogo, ile inaingia kwa begi ya mgongoni, juu wikendi zingine naenda kwetu Kakamega na sitaki kuiacha. Kila mtu nikimwambia anauliza tu kuhusu kadi ya grafiksi, ile inachora picha za gemu, "utaweka kadi gani?" Mimi nimefika mahali nasema hilo ndilo swali la mwisho kabisa. La kwanza ni sentimita ngapi.

Hii nimeilipia. Desemba nilipata kadi ya grafiksi ya mtumba, ya feni tatu, bei ilikuwa tamu nikaogopa mtu mwingine ataichukua, nikatuma pesa mbio ikaletwa na shato kutoka Nairobi. Nikaipima juu ya kitanda, sentimita 32 na nusu. Kasha la kompyuta nililokuwa nimelipenda, kadi ndefu zaidi inaingia ni ya 30. Nikaenda nayo kwa fundi mmoja hapo mtaani, mzee amerekebisha makompyuta miaka mingi, akaishika, akaigeuza, akaniambia, "Omera, hii ni ya kasha la kukaa chini ya meza. Wewe unataka la kubeba. Chagua moja." Aliyeniuzia akakataa kuirudisha, nikaiuza kwa hasara ya elfu 6, na elfu 6 kwangu ni kama kodi ya mwezi.

Sasa nimeanza upya na nimeanza na kasha. Nimechagua la lita 12, yaani ukichukua ule mtungi wa maji wa lita 20, ni nusu yake na kidogo. Ndani yake kila kitu kina kipimo chake. Madabodi, ile bodi kuu inaunganisha vipande vyote, ya saizi ndogo inaitwa mini-ITX ni sentimita 17 kwa 17, nilikata katoni saizi hiyo nikaiweka mezani na haifiki hata sahani ya ugali. Iko na nafasi 2 tu za ramu, ile memori ya kazi ya kompyuta, na moja ya kadi, basi, kwa hivyo ile hesabu ya "nitaongeza ingine baadaye" haipo, ukiweka ramu mbili za GB 8 leo siku ukitaka GB 32 unazitoa zote. Pawa saplai, ile inagawia vipande umeme, nayo ni ya aina ndogo inaitwa SFX, upana sentimita 12 na nusu, sio ile kubwa ya 15 ambayo ndiyo nimeonyeshwa karibu kila duka nililoingia mjini. Hapa usibahatishe tafadhali, pawa saplai ya kubahatisha ikiungua inaweza kuenda na wenzake.

Na watu wanakimbilia pawa saplai ya wati nyingi bila sababu. Kadi ya RX 6600 inakula wati 132, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya daraja langu imeandikwa 65, hata ukiongeza feni na SSD ya kuhifadhi mafaili na kila kitu, wati 450 za ukweli zinatosha na zinabaki.

Lakini kile kinaniuma zaidi ni joto. Zile video tunaangalia zinapimwa kwa chumba cha nyuzi 20 hivi. Hapa saa tisa mchana, chini ya mabati, chumba changu kiko 30 na hewa haisongi. Hizo nyuzi 10 haziendi popote, zinaingia kwa kasha na hewa na unazikuta tena kwa prosesa na kwa kadi. Mtu wa Limuru anaweza kuweka kadi ya wati 250 kwa kasha dogo akae sawa, mtu wa Kisumu akiiga ataskia feni zikilia kama posho mill. Ndio maana nasisitiza kadi ya wati chache, na mashimo ya hewa yenye wavu mwembamba unaotoka ukaoshwa. Msimu ule vijidudu vya ziwani vinakuja na taa usiku, asubuhi nafagia dirishani rundo nzima. Bila wavu, hivyo vyote vinaishia kwa feni.

Kuna wale wanasema si uchukue ile kompyuta ndogo ya ofisi, ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza, ubandike kadi. Kwa mwanafunzi mwenye pesa kidogo sina shida na hiyo, ni njia halali. Ila ujue kadi lazima iwe ile fupi ya nusu kimo, na isizidi wati 75 kwa sababu hizo ndizo wati ile nafasi ya kadi kwa madabodi inaweza kutoa bila waya mwingine. Pawa saplai yake mara nyingi ni ya umbo lake peke yake, ikikufa unatafuta mfano wake huyohuyo. Mimi nataka kitu naweza kubadilisha kipande kwa kipande.

Prosesa nimeamua Ryzen 5 5600G. Najua 5600 ile ya kawaida ina nguvu zaidi kwa gemu, lakini haina grafiksi ndani, bila kadi skrini ni nyeusi. Hii ya G inawasha skrini siku ya kwanza, nacheza gemu ya mpira kwa mipangilio ya chini huku nikiweka akiba, mradi ramu ziwe mbili sio moja, kwa sababu hiyo grafiksi inakopa kwa ramu na ikipewa moja inachechemea. Stima ikipotea nayo, UPS ndogo, ile betri ya akiba, ya kunipa dakika za kuzima vizuri iko kwa bajeti kabla ya kadi.

Juzi nimeunda kasha lote la katoni, vipimo vyake kamili, nikaligandisha na selotepu, nikaliweka kwa begi pamoja na chaja na shati mbili. Zipu imefunga. Kasha lenyewe naagiza mwisho wa mwezi, madabodi na prosesa Juni, kadi itangoja mpaka Agosti, na haitazidi sentimita 24.