Shangazi, rangi itasubiri

Kilichoua trekta la babu ni kukosa kopo la Kimbo. Bomba lake la moshi limesimama wima, na enzi za uhai wake babu hakuingia kulala kabla ya kulifunika kwa kopo hilo. Alipofariki, kuna mtu alilichukua akanyweshea kuku. Mvua za mwaka ule zikashuka ndani ya bomba, maji yakapita kwenye valvu iliyokuwa wazi, yakatuama juu ya pistoni ya silinda ya nyuma. Tulipokuja kulitazama miaka tisa baadaye, injini ilikuwa imekamata kama kufuli lililotupwa kisimani.

Ni Massey Ferguson 135, ile ya silinda tatu. Ziliundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, na hili letu babu alilinunua likiwa limeshalima mashamba ya mtu mwingine. Kwetu ni Ismani, ukitoka Iringa mjini kushika barabara ya Dodoma. Miaka ya 1960 Ismani ilikuwa ghala la mahindi, na walioyalima kwa wingi ni watu binafsi wenye matrekta yao. Ndiko pia alikouawa Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, siku ya Krismasi ya 1971, wakati mashamba makubwa yakigeuzwa kuwa ya vijiji vya ujamaa. Nyumbani habari hiyo ilisimuliwa kwa sauti ya chini. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nilichokisikia kwa bibi ni kwamba kwa misimu kadhaa trekta lilishinda nyuma ya nyumba limefunikwa mabua, na babu akalima kwa ng'ombe kama watu wengine.

Kwa hiyo kikao cha ukoo kilipoitishwa, kila mtu alikuja na trekta lake kichwani. Baba mdogo alikuja na mizani. Wanunuzi wa chuma chakavu walishapita mara mbili, trekta lina karibu tani moja na nusu, liuzwe tugawane. Tulipiga hesabu palepale kwenye jamvi: tukiwagawia watoto wote wa babu, kila mmoja anaondoka na hela ya mbuzi. Mbuzi mdogo.

Shangazi alitaka lipakwe rangi nyekundu, liwekwe getini, liwe ukumbusho.

"Hata maiti huoshwa, mwanangu," akaniambia.

"Shangazi, lakini hili hatuliziki."

Wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichonipa ruhusa. Msimamo wangu ulikuwa ule ule nilionao leo: trekta la zamani linafufuliwa ili lilime. Ukilifufua lipigiwe picha, umelinunulia sanda ya bei ghali. Na ukianza na rangi, umejiziba macho mwenyewe, maana kwenye injini kuukuu uchafu ndio unaokuonyesha pa kutazama. Panapovuja oili pamejaa vumbi lililogandamana. Bloku yenye ufa ina mstari wa kutu. Pakaza rangi juu yake, utaona trekta jipya mpaka siku utakapoliwasha. Ndiyo maana kila nikiona trekta la mtumba linang'aa hadi kwenye nati, mkono wangu unarudi mfukoni wenyewe.

Fundi wetu alitoka Ipogolo, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye mikono yake haitakati tena hata kwa sabuni ya mchanga. Alilizunguka trekta mara mbili, akagonga bloku kwa nyundo ndogo, akaliinamia na kulisalimia kwa Kihehe, "Kamwene." Vijana walitarajia aombe kamba walivute kwa trekta la jirani lishtuke. Alikataa kabisa. Injini iliyokamatwa na kutu ukiivuta kwa nguvu, kinachosalimu amri kwanza ni ringi za pistoni, kikifuatiwa na konrodi, mkono unaoishika pistoni, na hapo umeshageuza matengenezo kuwa mazishi.

Alitoa nozeli zote tatu zinazopulizia dizeli kwenye silinda, akamimina kwenye matundu yake dizeli iliyochanganywa na oili ya haidroliki, akaziba kwa matambara, akaondoka. Kila jioni alikuwa akipita, anaongeza kidogo, anaondoka. Siku ya nne baba mdogo akaanza kuuliza kama tunamlipa kwa siku. Siku ya sita mzee alifungua stata, akaingiza nondo fupi kwenye tundu lake, akaibana kwenye meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini, na kuisukuma mbele, nyuma, mbele, taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Flaiwili ikasogea upana wa ukucha. Hakushangilia. Alisogeza tena kuhakikisha, akaomba chai.

Tulipoinua silinda hedi ushahidi ulikuwa wazi. Silinda mbili za mbele zilikuwa safi kiasi cha kushangaza. Ya nyuma, pale maji yalipotuama, slivu yake, yaani ukuta wake wa ndani, ilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Kopo moja tu, jamani.

Hapa niseme jambo ambalo wapenda matrekta mapya hawapendi kulisikia. Injini ile ni ya Perkins, aina ya AD3.152, lita mbili na nusu, na haikufa pamoja na modeli ya 135. Iliendelea kutumika kwenye matrekta mengine kwa miongo mingi, yakiwemo yanayoundwa Lahore, Pakistani. Ndiyo maana pistoni, slivu na gasketi zake zinapatikana Gerezani, Dar es Salaam, mpaka leo, na zinapanda basi la usiku asubuhi ziko Iringa. Kuna trekta lenye umri mdogo kuliko watoto wangu limeegeshwa karibu na mnada, limekwama kwa kisanduku kidogo cha umeme ambacho hakuna anayejua kitokako. La babu halina kisanduku cha namna hiyo. Lina spana, nyundo na subira.

Isipokuwa spea kupatikana ni kitu kimoja, spea kuwa spea ni kingine. Seti ya kwanza ya ringi niliinunua mimi mwenyewe, kwa kiherehere, dukani kwa mtu ambaye simtaji. Mzee alichukua moja akaiminya kidogo kwa vidole kama anavyofanya siku zote. Ringi nzima hurudi yenyewe. Ile ilivunjika mkononi mwake kama njiti ya kiberiti. Hakunigombeza, alinitazama tu, na ni afadhali angenigombeza. Safari ya pili nilikwenda na kipande cha ringi ya zamani na namba za trekta nilizozinakili kwenye kibati chake, na muuzaji aliponiambia "zote ni moja" nikahamia duka la jirani. Pampu ya dizeli ndiyo peke yake iliyotoka mikononi mwa mzee: ilipelekwa kwa mtu mwenye mashine ya kupimia, kwa sababu pampu ile haitengenezwi kwa kukisia.

Gharama? Pamoja na matairi mawili ya nyuma, tulitumia fedha ambayo ingenunua pikipiki mbili za bodaboda na chenji kidogo. Si mchezo kwa familia yetu. Lakini hakuna riba ndani yake, wala mtu wa kuja kulikamata.

Siku ya kuliwasha lilikohoa moshi mweupe, likazima. Tukatoa hewa tena kwenye mabomba ya mafuta, mzee akilegeza nati za nozeli moja baada ya nyingine mpaka dizeli itoke bila mapovu. Mara ya pili likashika. Bibi alikuwa ndani. Hakutoka. Alipaza sauti tu kutoka jikoni: "Mwambieni asilipige resi likiwa baridi." Hayo yalikuwa maneno ya babu, herufi kwa herufi.

Nisilipambe mno, lakini. Matrekta kama hili ndiyo yaliyofyeka Ismani na kupanda mahindi juu ya mahindi, mwaka hadi mwaka, na wazee wenyewe wanakiri ardhi ilichoka mikononi mwao. Kwa hiyo kwenye shamba letu plau la visahani halishuki kila msimu. Tunachana mistari kwa ripa, jembe lisilopindua udongo, tunabadilishana mahindi na alizeti. Ile mikono ya nyuma inayonyanyua jembe kidogo yenyewe ardhi inapokuwa ngumu, ubunifu wa Harry Ferguson, bado inafanya kazi, ingawa ukizima injini inashuka polepole kama mzee anayekaa chini. Kuna sili inavuja, tutaifikia. Na watoto kupanda kwenye madigadi nimepiga marufuku. Sisi tulipanda, ni kweli, tukapona kwa bahati. Halina fremu ya kumkinga dereva likipinduka, sembuse mtoto aliyeketi juu ya gurudumu.

Shida iliyobaki si ya chuma. Miaka tisa trekta lilipokuwa banda la kuku, lilikuwa la mtu mmoja: yule atakayelitengeneza. Jirani wa kwanza alipolipa kulimiwa ekari tatu, likawa la watu saba kabla jua halijazama. Hapo nakiri kosa langu. Nilifungua injini kabla ya kuandika makubaliano, na makubaliano tumekuja kuyaandika trekta likiwa linanguruma, kila mtu akisema juu ya kelele zake. Sasa kuna daftari. Dizeli, oili na akiba ya spea vinatoka kwanza. Kinachobaki kinagawanywa baada ya mavuno, na baba mdogo ndiye mweka hazina. Nilimpendekeza mimi. Mtu aliyejua bei ya kila kilo ya trekta hawezi kupoteza hata shilingi yake.

Bomba la moshi tumelipatia kopo jipya, la maziwa ya unga. Bibi hakuliafiki, anasema ni jepesi, upepo wa Ismani utalipeperusha, na wiki iliyopita tuliliokota kwenye alizeti.

Na shangazi bado ananidai rangi. Nimemwahidi nikiuza alizeti nitanunua debe moja, nyekundu, aje aishike brashi mwenyewe, ila aanzie kwenye boneti na asiguse injini.