Mbuzi aliyeliwa kabla ya kuchinjwa

Kila ikifika katikati ya Januari, baba mdogo hupiga simu kutoka Dar. Nikishamaliza "shikamoo" tu, linakuja swali lile lile: "Mwanangu, ile video ya Krismasi imefikia wapi? Au hiyo mashine yako bado imelala?" Mwaka huu amekwenda mbali zaidi. Ameandika kwenye kundi la ukoo kwamba tuchangishane ninunuliwe kompyuta mpya, maana yangu inatuaibisha. Nimekataa, na kwa kuwa kwenye kundi hakuna anayesoma ujumbe unaozidi mistari mitatu, nimeona nijieleze hapa.

Sisi ni wa Kibosho, Kilimanjaro. Desemba ikianza, wale wa Dar, Mwanza na Arusha wanapanda mlimani kuhesabiwa, kama watani zetu wanavyosema. Zamani alikuwepo mtu mmoja mwenye kamera, akapiga picha thelathini na sita, basi. Siku hizi kila mwenye kidole ni mpiga picha. Walipoondoka safari hii waliniachia vipande 211 vya video, jumla GB 61, mimi ninayeishi mjini Moshi, Majengo, na "ninayejua kompyuta". Ndani yake kuna dakika nne za mfuko wa suruali ya binamu. Alidhani ameshaizima simu.

Mashine yenyewe ni laptop ya mtumba, prosesa yake, yaani ubongo wake, ni Core i3 ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012 hivi. Herufi A imefutika, betri ilishakufa, na feni ikipata moto utadhani mtu anasaga mahindi chumba cha pili. Nilichoifanyia ni vitu viwili tu: RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, nimeipandisha kutoka GB 4 hadi 8, na ile diski ya zamani ya kuzunguka nimeiondoa nikaweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Kama una mashine ya umri huo na pesa yako ni ya kitu kimoja, anza na SSD. Halafu ongeza RAM, kwa sababu hata waundaji wa Shotcut, programu ya bure ya kuhariri video ninayotumia, wanashauri GB 8 kwa video za HD na 16 kwa 4K, zile zenye picha kali zaidi.

Hiyo 4K ndiyo iliyonitoa jasho. Binamu ana simu nzuri, na simu nzuri siku hizi hurekodi kwa mfumo wa HEVC, au H.265. Mfumo huo unabana video ikae karibu nusu ya nafasi ambayo ingechukua kwa mfumo wa zamani, H.264, lakini kuifungua tena kunahitaji nguvu. Prosesa za Intel zilianza kuwa na sehemu maalumu ya kuifungua HEVC kwenye kizazi cha sita, mwaka 2015. Yangu haina, kwa hiyo kazi yote inafanywa na prosesa kavu kavu. Nilipofungua kipande cha watoto wakikimbilia gari la shangazi, picha zilikuja moja moja kama kalenda ya ukutani, na sauti ilikuwa imeshafika nyumbani wakati watoto bado wako getini.

Hapo ndipo wengi wanapoamua kwamba kompyuta imekufa. Haijafa. Nilichofanya ni kuvipitisha vipande vyote vya binamu kwenye HandBrake, programu ya kugeuza mifumo ya video, nikavigeuza kuwa H.264 ya 1080p, yaani HD ya kawaida. Nilianza saa tatu usiku, nikalala, na asubuhi nikakuta vimebaki vitatu. Pale pa idadi ya picha kwa sekunde niliweka iwe ile ile mwanzo hadi mwisho, maana simu hupunguza na kuongeza zenyewe kadiri ya mwanga, na ukiliacha hilo utakuta midomo ya watu inatangulia maneno yao. Shotcut nayo ina njia ya kukutengenezea nakala nyepesi za kufanyia kazi, kisha mwishoni ikarudi kwenye video halisi. Nzuri, ila mimi na nafasi yangu ya diski naona bora kugeuza mara moja yakaisha.

Tabu iliyonichosha kuliko zote wala haikutokana na kompyuta. Ndugu nusu walinitumia video kwa WhatsApp, hivi hivi, kama wanavyotuma salamu za asubuhi. WhatsApp inaibana video mpaka uso unakuwa uji, na inafuta kumbukumbu ya lini imepigwa. Jina la faili linabaki VID, tarehe, kisha WA na namba, na tarehe yenyewe ni ya kutumwa. Nilipozipanga kwa tarehe, mbuzi wetu aliliwa tarehe 25 na kuchinjwa tarehe 28. Kisusio, supu yetu ya damu ya mbuzi, kilinyweka siku tatu kabla ya damu kumwagika. Ilibidi nipange upya kwa kuangalia nguo: shangazi akiwa na kitenge cha kijani ni mkesha, akiwa na cha njano ni Krismasi yenyewe. Jamani, mkituma, tumeni kama dokumenti. Ni kubonyeza mahali pengine tu.

Sasa kuhusu kukata. Kwa asilimia kubwa ya kazi hii hata Shotcut siifungui. Natumia Avidemux, programu nyingine nyepesi ya kukata: unaweka alama A pale uchafu unapoanzia, B pale unapoishia, unafuta, unahifadhi bila kuibana video upya. Dakika ishirini zinahifadhiwa kwa sekunde chache kwa sababu programu inanakili tu kilichopo. Masharti yake ni kwamba huwezi kukata popote unapotaka, lazima uanzie kwenye picha kamili, ile ambayo nyingine zinazofuata zinaiegemea. Kwa hiyo wakati mwingine nataka kuanzia kwenye neno "karibuni", mashine inanirudisha sekunde mbili nyuma, kwenye kikohozi cha babu. Nimekiacha. Ndivyo anavyokaribisha watu.

Binamu hakukipenda kikohozi. Anataka video iende polepole watu wakigonga glasi, herufi za dhahabu ziruke, na muziki kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama zile za harusi. Nilimwambia mashine haiwezi. Kusema kweli inaweza, ikipewa usiku kucha. Mimi ndiye sitaki, na udhaifu wake umenipa kisingizio kizuri.

Kwa sababu kati ya vile vipande 211 kipo kimoja cha dakika kumi na moja ambacho binamu huyo huyo alisema nifute. Picha inatikisika, nusu yake ni majani ya migomba na ndala za aliyeshika simu. Ni bibi anatembea kihambani, kwenye shamba la ukoo, na mkongojo wake, anaonyesha makaburi. Hapa kalala baba yake babu yenu. Hapa mdogo wake, yule aliyerudi kutoka vitani. Anafika penye isale, mmea wetu wa kutia alama kaburi, lililoota peke yake, pasipo saruji wala msalaba, anasimama. Anasema kwa Kichagga kwamba hapo kuna mtoto wake, wa kwanza, aliyeishi siku nne. Mtoto wa dada anauliza alikuwa anaitwa nani. Bibi ananyamaza, unasikia kuku, unasikia upepo kwenye migomba, kisha analitaja jina.

Baba yangu ana miaka sitini na tatu. Hakuwa akilijua hilo jina.

Weka muziki juu ya hapo uniambie umebakiwa na nini. Kipande hicho sikukigusa hata kwa Avidemux. Kimeingia chote, na ndala zake.

Baba mdogo ana hoja moja ya haki. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, na prosesa yangu haimo kwenye zile wanazozikubali kwa Windows 11. Ni kweli. Lakini hii haiendi mtandaoni, siitumii kwa mambo ya pesa, kazi yake ni kukata video na kuhifadhi. Ningekuwa nalipwa kurekodi harusi ningenunua mpya kesho, mteja hawezi kunisubiri hadi Pasaka. Bibi anaweza.

Na Pasaka kweli ndipo ilipokwenda. Umeme ulinikatikia mara mbili wakati faili la mwisho linatoka, na kwa kuwa betri haipo, kila mara nikaanza upya. Likaja kutoka saa kumi alfajiri, GB 5. Flashi ikalikataa ingawa ina nafasi ya GB 32, kwa sababu imeandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Ningeweza kuiandaa upya kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi, ila televisheni ya bibi ni ya zamani na sikuwa na uhakika ingeisoma. Nikaikata video vipande viwili, nikapanda Kibosho.

Bibi aliangalia yote akiwa amekaa kwenye kigoda, karibu sana na kioo. Alipojiona kihambani aliuliza huyo mama mbona anatembea taratibu hivyo. Mbuzi alipochinjwa alinigeukia: "Huyu alikuwa mdogo. Safari ijayo mwambie baba yako mdogo alete mkubwa."

Nimemfikishia baba mdogo ujumbe. Binamu naye nimemwandikia abadilishe mipangilio ya kamera kabla hajafika Himo: 1080p, na ule mfumo unaosomeka kwenye vifaa vyote. Amejibu kwa kidole gumba.