Kitabu Kisichoazimwa Kitunzwe na Nani?

Mwaka 1979 Allen Kent na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walitoa matokeo yaliyowaudhi wanazuoni wengi. Kati ya vitabu vilivyoingia katika maktaba ya chuo hicho mwaka 1969, karibu 40 katika kila 100 havikuazimwa hata mara moja ndani ya miaka sita ya mwanzo. Kila bajeti inapokatwa, takwimu hiyo hutolewa tena: mnanunuaje visivyosomwa?

Tuitazame vizuri. Kwa maktaba ya utafiti, miaka sita ni muda mfupi. Ripoti ya kilimo au kamusi ya lugha ndogo yaweza kumsubiri msomaji wake miaka thelathini. Tena hesabu ile ni ya maktaba moja. Kitabu kilichokosa msomaji hapa huenda kina mmoja kule na mwingine kwingineko. Wajumlishe: wanatosha kabisa kukifanya kitabu kitunzwe, ila hawatoshi kuzibebesha maktaba ishirini nakala ileile. Mimi naisoma takwimu ya Pittsburgh hivyo, kama hoja ya kununua na kutunza kwa ushirika, wala si ya kuacha kununua.

Ushirika huo si ndoto. Mwaka 1949 vyuo vikuu 10 vya Marekani vilianzisha huko Chicago kituo cha pamoja, leo Center for Research Libraries, kuhifadhi machapisho yanayohitajika kwa nadra. Chini yake, tangu 1963, mradi wa CAMP umekuwa ukinakili magazeti ya Afrika kwenye mikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo sana za kurasa, kazi ambayo chuo kimoja kisingeimudu. Hata hivyo, malori yakionekana yakipeleka vitabu kwenye ghala la mbali, minong'ono huanza kwamba maktaba inavitupa. Kumbe nakala iliyo katika ubaridi wa ghala, chini ya mkataba wa maktaba kadhaa kuitunza kwa pamoja, mara nyingi ina usalama kuliko ile inayopauka rafuni ikingoja mtu wa kuhitaji nafasi yake.

Wapinzani nao wana neno. Ghalani vitabu hupangwa kwa vimo, si kwa mada, kwa hiyo ile bahati ya kufuata kitabu kimoja ukakuta cha pembeni ndicho ulichokihitaji haipo tena. Kusubiri siku mbili tatu kunachosha. Zito zaidi: nakala ngapi zinatosha? Aprili 2021 moto uliunguza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na sehemu kubwa ya machapisho yake kuhusu Afrika. Nakala moja, hata ikitunzwa vipi, ni kamari. Mkataba usiotaja idadi ya nakala, miaka ya kuzitunza na mlipaji ni ahadi ya mdomo tu.

Lakini hayo yanarekebishika kwa mkataba bora. Kinachonitia wasiwasi zaidi hakizungumzwi sana. Kitabu cha karatasi maktaba ikikinunua ni mali yake, na jirani akikiomba humwazima. Cha kidijitali mara nyingi hukodishwa kwa leseni, na masharti yakizuia kuazimana, maktaba kumi zitalipia faili lilelile mara kumi bila hata moja kuwa na haki ya kulihifadhi. Wanaoyapigia kelele malori ya ghala wangeanza kwa kuzisoma leseni hizo.