Kubadili kadi, kubadili kibla

Mjomba wangu alikuwa mtu wa "gesi haitoki", kilio cha waliopinga gesi ya Mtwara kusafirishwa kwenda Dar es Salaam. Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na ikawa wazi kwamba bomba la kwenda Dar es Salaam halirudi nyuma, Mtwara ilichafuka, wanajeshi wakaingia mitaani, naye akajifungia ndani siku tatu na redio yake. Leo anasema bomba halikuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kugombania bomba badala ya hesabu. Kijiweni kwao, Magomeni ya Mtwara, wapo wanaomwita kigeugeu. Wengine wananong'ona kwamba kalainishwa.

Nitamtetea, ila sio haraka, maana wanaomshuku wana sababu zao.

Julai 2015 Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alitoka CCM akaenda Chadema, chama kilichomshambulia majukwaani miaka na miaka, na waliomshambulia wakageuka kumnadi. Machi 2019 akarudi alikotoka. Katikati ya hapo madiwani na wabunge wa upinzani walijiuzulu mmoja baada ya mwingine "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, na baadhi yao wakagombea viti vilevile walivyotoka kuviacha, safari hii kwa kadi nyingine. Sikumbuki hata mmoja aliyesimama akatuambia: nilikuwa naamini hivi, fulani akaniuliza hili, nikakosa jibu. Mkulima wa Tandahimba aliyewahi kusubiri malipo ya pili ya korosho mpaka msimu mwingine ukaingia ana haki ya kucheka anaposikia neno "nimetafakari".

Kwenye dini mambo ni magumu zaidi. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kubadili dini au imani yake, lakini Katiba haiji kula nawe sikukuu. Huku kwetu Petro na Hamisi wanaweza kuwa tumbo moja, na mmoja akibadili, msiba wa kwanza utakaotokea ndio utakaoonyesha ukoo umempokea vipi.

Na mihadhara je? Miaka ya 1980 na 1990 mijadala ya kulinganisha dini, Biblia na Kurani meza moja, ilijaza viwanja sehemu nyingi za nchi. Nimesimama kwenye michache ya baadaye. Nilichokiona ni kwamba mtu akibanwa na swali hatazami kitabu, anatazama watu wake. Upande mmoja takbiri, upande wa pili pambio, na swali linafunikwa na kelele. Hakuna anayekubali kuambiwa "hapo umepatikana" mbele ya shemeji zake.

Historia ya huku nayo inawapa nguvu wasioamini mijadala. Baada ya vita vya Majimaji, Uislamu ulisambaa vijijini, bara ya Lindi, kwa walimu wa chuo cha Kurani, kwa zikri za tarika ya Kadiria, kwa kuoana. Sio kwa kushindana aya. Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Kianglikana aliwaona waumini wake hawaachi jando. Badala ya kulipiga marufuku akalifanya la Kikristo. Alikuja kugeuza watu. Mimi huwa najiuliza nani alimgeuza nani.

Basi mjadala ni bure? Hapo ndipo naachana na wasioamini mijadala. Mwalimu Nyerere aliyetupa chama kimoja kisheria mwaka 1965 ndiye huyohuyo aliyesema mwaka 1990 kwamba kuzungumzia vyama vingi si dhambi. Tume ya Jaji Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu suala hilo, ikakuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kibaki. Hata hivyo mwaka 1992 mlango ukafunguliwa, naye akiunga mkono. Utasema alisoma upepo wa Ulaya Mashariki. Sawa, upepo ulikuwepo. Lakini mwaka huohuo wa 1990 alikuwa ameachia uenyekiti wa CCM; hakuna kiti alichokuwa akikitafuta. Kuusoma upepo na kukiri kuwa zamani hukuona mbali vinaweza kukaa kichwani mwa mtu mmoja.

Mjomba naye aliguswa na swali, siyo hotuba. Fundi baiskeli jirani yake alimuuliza: "Gesi ikibaki hapa, wewe utaifanyia nini?" Alimtukana, wakanuniana karibu mwezi. Baadaye akasikia kwamba kampuni zinadaiwa na halmashauri ushuru wa huduma, asilimia 0.3 ya mapato. Nilimkuta barazani amegeuza kalenda ya zamani, anapiga hesabu nyuma yake kwa kalamu inayokatakata wino, sufuri zinamchanganya, anafuta kwa mate. Tangu siku ile ugomvi wake ulihama kutoka bomba kwenda kwenye daftari la halmashauri. Kura yake hakuihamisha. Cheo hakupata, na kashata bado anakopa.

Tatizo ni kwamba kijiweni hakuna aliyeiona ile kalenda. Wanachokijua ni jana alisema hivi, leo anasema vile, na kwa waliyoyaona tangu 2015 siwezi kuwalaumu sana. Lakini na yeye hajawaeleza. Aibu, nadhani.

Juzi kijana mmoja alimbana mbele yangu: "Mzee, sasa uko upande gani?" Mjomba akamalizia kahawa, akamrudishia muuzaji kikombe. "Diwani anapita saa ngapi leo?" akauliza.